Historia ya Mto Jukskei na Ziwa la Bruma

Ziwa la Bruma, mashariki mwa Johannesburg, lilikuwa ziwa la maji baridi lililotengenezwa na watu. Sifa zilikwenda Bruma, ingawa maji yalitoka juu, upande wa mtaa wa Bertrams, yakiletwa na mto Jukskei.

Johannesburg imekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand, nao ndio unaoyagawa maji. Ya kusini hushukia mto Vaal na kuishia bahari ya Atlantiki. Ya kaskazini huelekea mto Limpopo. Jukskei ni wa kaskazini: hupita kitongoji cha Alexandra, huingia mto Crocodile, hutulia katika bwawa la Hartbeespoort, kisha huifuata Limpopo hadi karibu na Xai-Xai, Msumbiji. Kwa hiyo mvua ya Bertrams humwagika katika bahari ile ile ya Sofala, Kilwa na Mombasa.

Ardhi hii ilikuwa shamba la Doornfontein, mali ya ukoo wa Bezuidenhout, ambao jina lao limebaki kwa bonde la mto huu. Dhahabu ilipotangazwa mwaka 1886, mashamba yakageuka viwanja. Robertson Fuller Bertram ndiye aliyeanzisha mtaa wa Bertrams mwaka 1889, Johannesburg ikiwa na umri wa miaka mitatu tu; mitaa mingi inayojivuna leo ilikuwa bado nyasi. Mitaa ya Judith's Paarl na Lorentzville ni majirani wake.

Hapa pana ubishi wa siku nyingi: chemchemi ya Jukskei ni ya nani? Mtaa wa Doornfontein huidai, na wengi husema iko chini ya uwanja wa Ellis Park, uliofunguliwa mwaka 1928. Hoja hiyo haitoshi. Maji yaliyofungiwa ndani ya kalvati za zege hayaonwi na mtu. Jukskei huonekana kwanza chini ya Bertrams, jirani na eneo la Victoria Yards, na hapo ndipo unapostahili kuhesabiwa kuwa mto.

Ziwa la Bruma lenyewe lilichimbwa katika miaka ya 1980. Kando yake palikuwa na soko mashuhuri la vinyago na nguo, lenye wachuuzi wa nchi nyingi za Afrika. Lakini mto ulileta pia taka, mchanga na maji ya vyoo, ziwa likanuka. Katikati ya miaka ya 2010 jiji lililikausha na kuurudishia mto njia yake. Huku juu ya mto, mradi wa Water for the Future umekuwa ukisafisha kingo na kung'oa mimea vamizi.