Robo Saa ya Mwaka 1942

Usiku wa tarehe 31 Julai 1942 saa ya Kenya ilisogezwa mbele robo saa. Tangu 1937 nchi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Kuanzia hapo zikawa saa tatu kamili, ndizo tulizo nazo hadi leo. Wachuma chai wa Kericho walikuwa na sababu ndogo ya kuukumbuka usiku huo. Robo saa hiyo nilikuja kukutana nayo ndani ya seva.

Natunza programu ya daftari la wakulima kwenye ushirika mmoja wa chai upande wa Litein. Siku moja alikuja kogo mmoja, yaani bibi kwa Kikalenjin, kitambulisho mkononi: "Mwanangu, hii karatasi yenu imenizeesha mwaka mzima." Karatasi ilitoka kwenye seva, nayo ilisema 31 Desemba 1949. Nikafungua rekodi ile ile kwenye kompyuta ya ofisi: 1 Januari 1950, kama kitambulisho.

Tarehe 1 Januari ni siku ya kuzaliwa ya wazee wengi sana Kericho na Bomet. Walizaliwa nyumbani au kwenye kambi za mashamba ya kampuni, bila cheti. Walichokijua kwa hakika ni rika: Chumo, Sawe, Korongoro. Karani wa vitambulisho alikadiria mwaka, kisha akajaza siku ya kwanza. Kwa hiyo ukimrudisha mzee wa aina hii nyuma siku moja, umemwongezea mwaka. Na hawa si watu wa kuchezewa tarehe zao. Makampuni makubwa yalianza chai Kericho katika miaka ya 1920, na hadi miaka ya 1950 Mkipsigis, mwenyeji wa Kericho, alichuma ya kampuni huku akizuiwa kupanda yake. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ndio uliofungua mlango, na 1964 ikaundwa mamlaka ya KTDA ya wakulima wadogo. Wazee hawa na wazazi wao ndio waliopanda miche ya mwanzo. Daftari linalowakosea miaka linanikera mpaka leo.

Kosa linalotokea kwenye seva peke yake huwatia watu wasiwasi, nao huanza kubadilisha programu ovyo. Mimi nilianza na wazee wenyewe. Wa 1941 alikuwa sawa. Wa 1943 alikuwa amesogea, wa 1950 na wa 1958 vilevile. Wa 1961 alikuwa sawa. Programu ni ile ile. Iliyotofautiana ni miaka. Hapo nikajua natafuta jambo la historia.

Karibu kila kompyuta hubeba nakala ya orodha moja ya saa za dunia, iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980 na inayoendelea kurekebishwa. Ina mstari wa Nairobi, ambao siku hizi Kampala na Dar es Salaam pia zinaufuata. Toleo la zamani lilisema Kenya ilibaki kwenye saa mbili na dakika 45 hadi mwisho wa 1959. Baadaye watunzaji wakasahihisha: mwisho ulikuwa Julai 1942. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na toleo jipya. Seva, ambayo haikuwa imesasishwa kwa muda mrefu, ilikuwa na la zamani.

Programu nayo iliihifadhi siku ya kuzaliwa kama usiku wa manane wa siku hiyo, kwa saa ya Greenwich. Usiku wa manane wa kuamkia 1 Januari 1950, ukiondoa saa tatu kama ilivyofanya kompyuta ya ofisi, ni saa tatu usiku wa 31 Desemba huko Greenwich. Seva ikajumlisha saa mbili na dakika 45, ikafika saa sita kasorobo usiku, bado 31 Desemba 1949. Ikaichapa tarehe, ikaacha saa, na ile robo saa isionekane popote.

Tulisasisha orodha ya seva, kisha tukabadilisha daftari lenyewe lihifadhi siku, mwezi na mwaka tu, kwa kuwa mkulima hakuzaliwa kwa saa ya Greenwich. Kazi ngumu ilibaki kwenye rekodi zilizokuwa zimefunguliwa na kuhifadhiwa upya kupitia seva, maana hizo zilishameza 1949 kabisa. Hizo tulizirudisha moja moja, mzee akiwa ameketi mbele yetu na kitambulisho chake mezani.