Tonsili: Ghala la protini zinazolinda koo

TONSILI ni jozi ya tezi zilizo nyuma ya kinywa, moja kila upande wa koo. Wengi huzikumbuka tu zinapovimba na kuleta mafindofindo, na baadhi ya wazazi huamini kuwa ni nyama isiyo na faida ambayo yafaa ikatwe. Kumbe tezi hizi ni walinzi wa lango wanamopitia chakula na hewa.

Tonsili ni sehemu ya duara la tishu za kinga linalozunguka koo, ambalo mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Waldeyer, alilieleza mwaka wa 1884. Kila tonsili ina vijishimo kati ya 10 na 30. Viini vinavyoingia humo hunaswa, vikakumbana na protini za kinga za aina mbili.

Aina ya kwanza ni protini ndogo zinazoshambulia viini vya kila namna, zikiwemo defensini na katelisidini. Hutolewa na seli za utando wa tonsili pamoja na chembechembe nyeupe za damu. Protini hizi zina chaji chanya ya umeme, hivyo hujibandika kwenye ngozi ya bakteria yenye chaji hasi na kuitoboa.

Aina ya pili ni kingamwili, ambazo hutengenezwa kumkabili adui mahususi. Chembechembe zinazozitengeneza hujifunza kumtambua kiini, na baadhi huhifadhi kumbukumbu yake kwa miaka mingi. Kazi hii hushamiri utotoni. Ndiyo maana tonsili za watoto huwa kubwa, kisha hunywea baadaye.

Hata hivyo, ulinzi huu waweza kumgeukia mwenyewe. Baadhi ya protini za bakteria wa streptokoka wa kundi A hufanana na zile za moyo. Maradhi yasipotibiwa, kinga ya mwili yaweza kushambulia vali za moyo na kuziharibu kabisa. Penisilini ikianzwa katika siku 9 za kwanza huzuia madhara hayo, na vidonge vyake humezwa kwa siku 10 hata kama maumivu yametoweka. Lakini maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, ambavyo penisilini haviwezi kuviua, hivyo ni vyema daktari athibitishe kwanza.

Je, tonsili zikatwe lini? Kipimo kitumiwacho na madaktari wengi kilitokana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1984: mgonjwa awe ameugua vikali mara 7 katika mwaka mmoja, mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Sababu nyingine ni tonsili kuziba pumzi usingizini. Pasipo hayo, mlinzi huyu na aachwe kazini.