Piza ya mkopo: mkahawa uliozaliwa vichochoroni Napoli

Mwaka 1884, kipindupindu kilipokuwa kikiangamiza watu Napoli, mwandishi wa habari Matilde Serao alichapisha Il ventre di Napoli, kitabu kuhusu maisha ya mafukara wa mji huo. Alipofika kwenye chakula chao, hakuchelewa kuitaja piza. Mpishi aliioka usiku, akaikata vipande vya sarafu moja ya soldo, akamkabidhi kijana meza ndogo akaviuze kwenye kona ya mtaa. Kijana alishinda hapo karibu siku nzima, vipande vikipigwa na baridi, jua na nzi. Watoto waliokuwa wakienda shule walikuwa na vyao vidogo, vya senti mbili.

Leo kwenda kula piza ni matembezi ya familia mwisho wa juma. Kwa watu wa Napoli wa wakati ule yalikuwa mahitaji ya kila siku. Familia nyingi ziliishi katika chumba kimoja cha chini kiitwacho basso, chenye mlango unaotazama kichochoro. Humo walilala, walishona viatu, walilea watoto. Nafasi ya kupikia ilikuwa finyu au haikuwepo kabisa. Mama lishe wa Kariakoo anaielewa biashara hiyo bila kufundishwa: asiye na jiko hula kwa mwenye moto.

Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas aliwaona walaji hao mapema zaidi. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1843, aliandika kwamba fukara wa Napoli alikula tikitimaji wakati wa joto na piza wakati wa baridi, akataja za mafuta, za jibini, za nyanya na za dagaa. Akasikia pia habari za “piza ya nane”, akadhani ni iliyookwa siku nane zilizopita. Wenyeji walikuwa na maana nyingine: ule leo, ulipe baada ya siku nane. Muuzaji alimjua mteja, alijua mlango wake na siku anayopata ujira. Mkopo wa namna hiyo hauwezekani ila mtaani, kwa watu wanaoonana kila asubuhi.

Wachuuzi walitembea na piza zao ndani ya kopo walilojitwika kichwani, ili zisipoe. Tanuri, hata hivyo, halitembei. Mwenye tanuri alipoweka meza mbili tatu pembeni yake, mkahawa wa piza ukawa umezaliwa. Port'Alba, uliopo hadi leo katikati ya Napoli, husimuliwa kuwa ulianza mwaka 1738 kwa kuwauzia wachuuzi, ukageuka mkahawa wenye viti mwaka 1830. Da Michele ulifuata mwaka 1870, na ulipata sifa kwa kung'ang'ania aina mbili tu: marinara ya nyanya, kitunguu saumu na oregano, na margherita ya nyanya, jibini na mrehani.

Jina la margherita lina hadithi inayopendwa mno. Inasemekana mwaka 1889 mpishi Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita piza tatu, naye akaipenda ile yenye rangi za bendera ya Italia. Barua ya shukrani inayodaiwa kutoka kasri la kifalme bado inaonyeshwa katika mkahawa wa Brandi. Baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka uhalisi wake, na piza ya nyanya na jibini ilikuwa ikiliwa kabla ya siku hiyo. Hata kama malkia aliionja, walioila kila siku na kuiweka hai ni watu wa vichochoroni.

Nje ya Napoli piza haikupokewa kirahisi. Serao mwenyewe anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyefungua mkahawa wa piza Roma, akitegemea Wanapoli waliohamia huko. Mwanzoni watu walifurika, kisha wakapungua, biashara ikafifia. Carlo Collodi, mwandishi wa Pinocchio, aliidharau waziwazi mwaka 1886 kuwa chakula kichafu.

Vita Kuu ya Pili viliitikisa hata Napoli. Mabomu yaliharibu majengo, na unga, jibini na kuni vikawa adimu. Hapo piza ya kukaanga ikashika nafasi: donge la unga likikunjwa na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mara nyingi na wanawake mlangoni pa basso zao. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1954, L'oro di Napoli, inamwonyesha Sophia Loren akiuza piza hizo kwa mkopo wa siku nane, ule ule wa enzi za Dumas. Miaka hiyo maelfu ya watu wa kusini walihamia viwanda vya Milano na Torino, na piza ikaenda nao. Hapo ndipo ilipokuwa chakula cha Italia nzima.

Ufundi wenyewe ulitambuliwa na UNESCO Desemba 2017. Kilichoorodheshwa ni kazi ya mikono ya mpishi, pizzaiuolo, mbele ya tanuri la kuni. Anautandaza unga ulioumuka kwa vidole, kutoka katikati kwenda nje, akiisukumia hewa kwenye ukingo. Mti wa kusukumia chapati ni marufuku. Tanuri likifika nyuzi za Selsiasi 485 hivi, piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90, na mpishi huizungusha ili upande mmoja usiungue.

Piza imefika pia pwani ya Kenya. Huko Waitaliano waliongezeka tangu miaka ya 1960, profesa wa Kiitaliano Luigi Broglio alipojenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Hapo ndipo setilaiti ya Marekani iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Watalii na wakazi kutoka Italia walifuata, na mikahawa ya piza nayo ikaota mizizi. Yule mfanyabiashara wa piza kule Roma aliwategemea Wanapoli wenzake waliokumbuka nyumbani. Huku Malindi, piza imepata pia mikono ya wenyeji: wanaoikanda, wanaoioka na wanaopokea maagizo kwa Kiitaliano, kisha wakageukiana na kuzungumza Kiswahili.