Mafuta na Chombo Chake: Historia Fupi ya Vyombo vya Mafuta ya Nywele

Katika kurasa zilizotangulia za kitabu hiki cha ukumbusho, wanachama wamesoma habari za miaka kumi ya Chama chetu Kikuu: habari za mashamba, za mizani, za malipo na za mashine za kukamulia. Sisi tuliopewa kurasa hizi twataka kuandika habari ya kitu ambacho mkulima hakipandi wala hakivuni, lakini kila mwaka hukilipia. Kitu hicho ni chombo ambamo mafuta yetu ya nazi ya nywele hutiwa yapate kuuzwa. Mnunuzi huyatumia mafuta yakaisha, chombo hubaki.

Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama watatakiwa kuamua kama mafuta yetu yatiwe katika pakiti ndogo za plastiki, kama wanavyoomba wafanyabiashara wengi, au yaendelee kuuzwa katika vyombo vinavyoweza kujazwa tena. Jambo hili si dogo, wala si jipya. Watu wa nchi nyingine wamelikabili kabla yetu, na yafaa tujue waliyoyapata kabla hatujanyosha mikono kupiga kura.

Kibuyu, mrashi na debe

Hapa pwani mafuta ya nazi yalitengenezwa nyumbani tangu zamani. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, kisha likachemshwa mpaka maji yakakauka na mafuta yakabaki. Mafuta hayo yakatiwa katika kibuyu au chupa, na mama akawapaka binti zake kichwani kabla ya kuwasuka. Chombo hicho hakikuwa na jina la kiwanda wala rangi ya kuvutia macho, lakini kilikuwa na sifa moja kubwa: mafuta yalipokwisha, kilijazwa tena. Kadhalika mrashi, ambao kwao wageni hunyunyiziwa marashi arusini, uliweza kurithiwa na mtoto kwa mzazi wake.

Kisha likaja debe. Debe la bati la galoni nne, yaani takriban lita 18, liliingia nchini likiwa limejaa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilitekewa maji, likapimiwa mahindi, likatiwa mafuta ya nazi, na lilipotoboka likakunjuliwa likaezekewa banda. Waliolitengeneza hawakuyakusudia hayo yote. Manufaa yake yalitokana na mambo mawili: lilikuwa imara, na lilikuwa la kipimo kimoja popote lilipokwenda. Ndiyo maana hata leo mkulima anapotaja debe moja la mahindi hahitaji kueleza zaidi.

Unga, marhamu na maji

Tukitoka kwetu tukatazama ng'ambo, twaona kwamba biashara ya dawa za nywele haikuanza na chupa. Neno shampuu lenyewe lina asili ya India, na maana yake ya kwanza ilikuwa kukanda mwili kwa mikono. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna wa mwaka 1759, alilipeleka Uingereza, akafungua nyumba ya kuogea katika mji wa Brighton mwaka 1814, na wafalme George wa Nne na William wa Nne wakawa miongoni mwa waliomtumia. Kilichouzwa hapo kilikuwa kazi ya mikono.

Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf, mwenye duka la dawa mjini Berlin, Ujerumani, alianza kuuza shampuu ya unga. Mnunuzi aliichanganya na maji nyumbani kwake, kwa hiyo pakiti ya karatasi ilitosha. Huko Marekani Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, alianza mwaka 1906 kuuza marhamu ya nywele kwa wanawake wenzake weusi, na mwaka 1910 akahamishia kazi yake mjini Indianapolis. Marhamu hukaa yaliyogandamana; kwa hiyo aliyatia katika mikebe ya bati yenye kifuniko. Mikebe hiyo haikuvunjika njiani, na mawakala wake waliweza kuichukua kutoka mji hata mji.

Lakini mwaka 1927 Schwarzkopf alitoa shampuu ya majimaji, na desturi hiyo ikaenea duniani. Sehemu kubwa ya shampuu ya namna hiyo ni maji tu. Tangu hapo watu wakaanza kulipia maji yasafirishwe kutoka mbali, ingawa kila nyumba ya mnunuzi ilikuwa na maji yake. Na maji hayachukuliki katika karatasi.

Hapa pana kanuni ambayo kila mjumbe wa kamati yetu yampasa kuikumbuka. Umbo la kitu ndilo linaloamua chombo chake: unga huridhika na karatasi, marhamu huridhika na mkebe, bali maji hudai chupa. Atakaye kupunguza gharama ya chombo, na taka zake, aanze kutazama kitu chenyewe.

Kuja kwa plastiki

Mwaka 1933 wanakemia wawili wa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waligundua kwa bahati ile plastiki iitwayo polithini. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza polithini iliyo ngumu zaidi bila ya mgandamizo mkubwa, na mwaka 1963 yeye pamoja na Giulio Natta wa Italia walipewa Tuzo ya Nobeli. Plastiki hiyo ngumu ndiyo inayofanyiwa chupa nyingi za shampuu na mafuta. Haivunjiki, haishiki kutu, na uzito wake ni mdogo sana ukilinganishwa na chupa ya kioo. Hatuna haki ya kuwacheka walioipokea kwa furaha.

Kwa sisi wenye minazi, habari ya India ina mafunzo zaidi. Huko mafuta ya nazi yaliuzwa kwa muda mrefu katika mikebe ya bati. Katika miaka ya 1980 Harsh Mariwala, mwenye biashara ya mafuta yaitwayo Parachute, alitaka kuhamia chupa za plastiki kwa kuwa zilikuwa rahisi kuliko bati. Wenye maduka wakakataa. Walikuwa wamekwisha kuletewa chupa za plastiki za pembe nne. Panya walizishika penye pembe, wakazitafuna, na mafuta yakamwagika dukani. Basi wakatengeneza chupa ya mviringo isiyo na pembe ya kushikwa na meno, wakaiweka pamoja na panya ili kuijaribu, na panya wakashindwa. Hapo ndipo wenye maduka waliporidhika. Chombo chema, basi, hutokana na kujua maisha ya duka: joto lake, giza lake, na hata panya wake.

Pakiti ndogo

Nchini humo humo ndipo pakiti ndogo ya shampuu ilipopata nguvu. Mwaka 1983 C. K. Ranganathan wa Cuddalore, kusini mwa India, alianza kazi yake kwa rupia 15,000, akifuata njia ya baba yake aliyetangulia kuuza shampuu katika pakiti za kutumia mara moja. Vibarua na watu wa vijijini ambao hawakuweza kununua chupa nzima, sasa waliweza kuosha nywele kwa senti chache. Twasema wazi kwamba hilo lilikuwa jambo la maana, na wafanyabiashara wanaotuomba pakiti leo wana hoja ya kweli: yuko mnunuzi mwenye fedha ya siku moja tu.

Ranganathan alifanya na jambo jingine. Alitangaza kwamba mtu akirudisha pakiti tupu tano za shampuu yoyote, atapewa moja iliyojaa bure. Baadaye akazikubali zile za kiwanda chake peke yake. Mpango huo ulikuwa wa kuvuta wanunuzi. Hata hivyo ulionyesha kwamba kitu kitupu kikipewa thamani, watu hukirudisha.

Taabu ni kwamba pakiti iliyokwisha kukatwa haijaziki tena. Nyingi zimefanywa kwa matabaka ya plastiki na madini yaliyogandishwa pamoja, na kuyatenga ili yayeyushwe upya ni kazi ngumu isiyolipa. Kwa hiyo huishia mtaroni, shambani na baharini. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walitoa hesabu ya plastiki yote iliyopata kutengenezwa duniani hata mwaka 2015. Walipata tani bilioni 8.3. Katika hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimekwisha kuwa taka, na katika taka hizo asilimia 9 tu ndizo zilizotengenezwa upya.

Serikali zetu hazikunyamaza. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2017, Tanzania ilikuwa imekataza pombe kali ya viroba, ambavyo ni ndugu wa pakiti tunayoizungumza. Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria ya taka inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya mafuta ya nywele. Lakini mwenye busara akiona mwelekeo wa upepo hupanga tanga lake mapema.

Njia ya kurudisha na njia ya kupima

Chombo cha kurudishwa twakijua sote. Muda mrefu soda imeuzwa nchini katika chupa za kioo: mwenye duka humdai mnunuzi chupa tupu au fedha yake, na gari linaloleta kreti zilizojaa huondoka na kreti tupu. Huko Brighton, mji ule ule wa Dean Mahomed, Anita Roddick alipofungua duka lake la vipodozi mwaka 1976 hakuwa na fedha za kununua chupa za kutosha, kwa hiyo aliwajazia wateja chupa walizorudi nazo. Umaskini ulimfundisha jambo ambalo matajiri walikuwa wamelisahau.

Njia hiyo ina gharama, nasi hatuzifichi. Kioo ni kizito na huvunjika. Chupa iliyorudi sharti ioshwe na kukaushwa kabisa, kwa maana maji yakibaki ndani huharibu mafuta. Tuseme chupa moja inarudi mara kumi: bei yake itagawanywa kwa kumi, lakini kazi ya kuiosha itabaki pale pale kila mara. Tena chupa iliyopelekwa mji wa mbali yaweza kula dizeli nyingi kuliko thamani yake ikirudi tupu.

Pamoja na hayo, mafuta yetu yana tabia yake. Mwaka 2003 wataalamu wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walionyesha kwamba mafuta ya nazi huzuia nywele zisipoteze protini zake kuliko mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Ubora huo hauhitaji chupa ya fahari. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Katika miji ya baridi kama Nairobi, Arusha na Mbeya, chupa yenye shingo nyembamba humtaabisha mnunuzi. Huko mkebe wenye mdomo mpana, kama ule wa Madam Walker, ndio unaofaa.

Na yule mwenye fedha ya siku moja? Kwetu jibu lake lilikuwapo kabla ya pakiti. Ni mafuta ya kupima: debe liko dukani, kipimo kidogo kiko juu yake, na mnunuzi huja na chupa yake. Haba na haba hujaza kibaba. Kinachowafanya wengi wayakimbie mafuta ya kupima ni shaka: yaweza kuchanganywa, na kipimo chaweza kupunguzwa. Pakiti iliyofungwa humwondolea mnunuzi shaka hiyo, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa kuliko urahisi wake.

Lakini shaka ya kipimo ndiyo iliyozaa ushirika. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walijulikana kwa kuuza vyakula visivyoghoshiwa na kwa kipimo kamili. Wakulima wa nchi zetu nao walijiunga kwa sababu hawakuiamini mizani ya mnunuzi. Chama kinachoweza kuweka mizani ya haki kwa mkulima chaweza pia kuweka kipimo cha haki kwa mlaji: debe lenye lakiri ya Chama, kipimo chenye mhuri, duka lililokaguliwa, na jina la Chama kuwa dhamana.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Katika maduka ya karibu, mafuta yauzwe katika chupa za kurudishwa kwa amana, na kwa kipimo kutoka debe lenye lakiri; katika miji ya mbali yenye baridi, yauzwe katika mikebe ya mdomo mpana. Pakiti ndogo tuziache. Njia hii itataka wakaguzi, maji ya kuoshea, na uaminifu wa kila mwenye duka, wala haitaleta faida ya haraka kama pakiti. Wanachama ndio wenye mali, na uamuzi ni wao. Wakumbuke tu kwamba mashamba yetu yako kando ya bahari hii, na kitakachotupwa mjini, mvua na mikondo ya maji zitakirudisha kwetu bila kutudai amana.