Aliyetangulia Kuona Mbu

Kabla hawajahamisha ngamia, wafugaji wa Kisomali huwatuma watu wachache watangulie mbele. Kazi hiyo huitwa sahan. Aliyetumwa hukagua maji, nyasi na wadudu, tena huangalia kama majirani wa huko wana amani. Akirudi, wazee huketi chini ya mti na taarifa yake ndiyo hufungua shauri. Hawezi kubahatisha, kwa kuwa mifugo yake mwenyewe itapita njia ileile.

Utafiti wa tiba nao una wazee wake: mtafiti mkuu, kamati ya maadili, wahariri wa majarida. Nao una miti yake, ila miti hiyo iko Nairobi, Atlanta au Oxford. Nataka kuzilinganisha mila hizi mbili nikiwa nimesimama Liboi, mpakani mwa Kenya na Somalia, ambako zilikutana kwa ubaya mwishoni mwa 2006.

Kilichozikutanisha ni ugonjwa, nao una majina mawili. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham waliueleza baada ya kondoo kufa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, wakauita homa ya Bonde la Ufa. Wafugaji wa Kaskazini Mashariki huuita sandik, yaani pua itokayo damu. Jina la kwanza linakuambia mtaalamu alikuwa wapi siku ile. La pili linakuambia umtazame mnyama wapi. (Mimi ningechagua la pili, lakini hakuna aliyeniuliza.)

Mvua za vuli za 2006, ambazo Wasomali huziita deyr, zilifurika. Kwenye mabonde ya Garissa mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai udongoni, na mayai hayo huweza kukaa miaka yakingoja maji, mengine yakiwa na virusi tayari. Setilaiti za Marekani zilikuwa zimeonyesha hatari: Assaf Anyamba wa NASA na wenzake waliandika baadaye kwamba onyo lilitangulia mlipuko kwa wiki mbili hadi sita. Wafugaji nao waliona kwa macho yao. Christine Jost na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2010, walikuta kwamba wachungaji wa Kisomali waliweza kusimulia kwa mpangilio: mvua, kisha wingu la mbu, kisha mbuzi na kondoo kutupa mimba, kisha watu kuugua. Huduma za mifugo zilifika wiki nyingi baada ya mnyama wa kwanza kuugua.

Serikali ilishtushwa na vifo vya watu. Kufikia tarehe 20 Desemba vifo 11 vilikuwa vimeripotiwa kutoka wilaya ya Garissa, na kati ya wagonjwa 19 waliopimwa damu, 10 walikutwa na ushahidi wa virusi hivyo. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa.

Aliye juu angani aliona, aliye chini malishoni aliona. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kuuitisha mkutano.

Hapa ndipo naona mila ya mti inaizidi ile ya maabara, wala si kwa hekima ya kale inayosifiwa kwenye semina. Ni kwa hesabu. Katika xeer, sheria ya jadi ya Wasomali, dia, yaani fidia ya damu, hulipwa na kundi zima la ukoo. Madhara hayamwangukii mmoja. Sasa mwangalie mfugaji wa Liboi anayetamka neno sandik mbele ya afisa. Karantini hutangazwa, soko la Garissa hufungwa, na ng'ombe wake hubaki bila mnunuzi. Hasara ya mlipuko ule kwa uchumi wa Kenya ilikadiriwa kupita shilingi bilioni 2.1. Mtafiti hupata makala, afisa hupata ripoti, aliyesema kweli hupata zizi lisilouzika. Ushirikiano wa namna hiyo hata mimi ningeukwepa.

Lakini mti nao una wasiokaribishwa. Ngamia hukamuliwa na wanaume. Mbuzi na kondoo mara nyingi ni kazi ya wanawake. Mimba zikianza kutupwa, mama ndiye huona kwanza, na kwenye shir, baraza la chini ya mti, hana kiti. Wala si kila pua itokayo damu ni homa hii. Bila maabara mzee na daktari wote wanakisia.

Baada ya janga lile Kenya iliunda kitengo cha magonjwa ya wanyama yanayoambukiza binadamu, daktari wa watu na wa mifugo wakiketi ofisi moja. Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome Trust ina wawakilishi waliochaguliwa vijijini. Ni mpango mzuri kwa kijiji kinachokaa mahali pamoja. Liboi kijiji hutembea, na Januari 2007, homa ikiwa bado inaua, Kenya iliufunga mpaka kwa sababu ya vita vya Somalia. Virusi havikuulizwa vibali.

Ng'ambo ya mpaka huo aliishi mtu aliyekuja kufanya kazi kama ya sahan: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca. Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu. Miaka mingi baadaye alizunguka akiwasimulia wazazi woga wake ule ili watoto wapewe matone ya polio. Mei 2013 virusi vya polio vilithibitishwa kwa mtoto wa Dadaab, kwenye barabara itokayo Liboi. Vilikuwa vimerudi Somalia pia, na Maalin akarudi kazini nyumba kwa nyumba. Julai mwaka huo akafa kwa malaria, kampeni ikiendelea.