Njia Iliyoachwa na Treni Ni ya Nani?

Katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kuitazama historia ya njia moja nchini Marekani, magharibi mwa jiji la Chicago. Ni historia ya reli iliyokufa, kisha tuta lake likawa njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ndani yake limo swali zito: kitu kilichowahudumia wengi kinapoachwa, kinakuwa mali ya nani?

Kuanzia mwaka 1902, treni za umeme ziliunganisha Chicago na miji ya magharibi kama Wheaton na Aurora, kwa reli iliyokuja kujulikana kama Chicago Aurora and Elgin. Mwaka 1953, ujenzi wa barabara kuu mpya ulizifanya treni hizo zisiweze tena kuingia katikati ya jiji. Abiria walilazimika kubadili treni njiani, na wengi wakahamia kwenye magari. Hatimaye, mchana wa tarehe 3 Julai 1957, kampuni ilisitisha huduma ya abiria papo hapo. Watu waliokwenda kazini asubuhi kwa treni hawakupata treni ya kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1959 treni za mizigo nazo zikakoma.

Kilichobaki kilikuwa ukanda mwembamba wa ardhi, uliojaa kokoto na magugu. Machoni pa wengi haukuwa na thamani yoyote. Tukumbuke, hata hivyo, kwamba ukanda wa namna hiyo hupatikana kwa taabu kubwa: hununuliwa kipande kwa kipande, kutoka kwa wenye mashamba wengi. Ukishagawanywa na kujengwa nyumba na maegesho, ni vigumu mno kuuunganisha tena.

Aliyeliona jambo hilo kwa wakati ni mwanamke aliyeyapenda maumbile, May Theilgaard Watts, aliyewahi kufanya kazi katika bustani ya miti ya Morton Arboretum. Mwaka 1963 aliliandikia barua gazeti la Chicago Tribune. Alikuwa ameziona njia za miguu za Uingereza, akapendekeza reli hiyo igeuzwe kuwa njia ya watu wote. Alionya pia kwamba matingatinga yalikuwa tayari yakiinyemelea. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Majirani wakaitikia, wakafyeka magugu na kutengeneza madaraja kwa kujitolea. Mwaka 1966 Kaunti ya DuPage iliwakodisha sehemu ya tuta, na mwaka 1971 serikali kuu iliitambua njia hiyo, Illinois Prairie Path, kuwa njia ya kitaifa ya mapumziko. Leo ina urefu wa kilometa 98 hivi. Kwa kuwa treni haziwezi kupanda miinuko mikali, tuta la reli huwa na mteremko mdogo. Hata mzee na mtu wa kiti cha magurudumu hupita bila shida.

Hata hivyo, wapendwa, si kila jirani alifurahi pale mfano huo ulipoenea nchini. Mahali pengi kampuni za reli hazikuimiliki ardhi yenyewe. Zilikuwa na haki ya kupita tu. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzihifadhi njia hizo kwa ajili ya treni za baadaye, na kuruhusu watu wazitumie kwa sasa. Wenye ardhi wakauliza: sisi tulikubali treni ipite, nani alituuliza kuhusu baiskeli? Shauri kutoka jimbo la Vermont lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1990 iliamua kwamba sheria hiyo ni halali, ila wenye ardhi wanaweza kuidai serikali fidia. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wadai hao wa Vermont walistahili kulipwa.

Historia hii yatufundisha mambo mawili yasiyopaswa kutenganishwa. Kwanza, mafao ya wengi hayajilindi yenyewe. Yanahitaji mtu wa kusema mapema, na mikono ya kufanya kazi baada ya maneno. Pili, mafao ya wengi hayajengwi juu ya dhuluma kwa wachache. Anayeitetea njia ya wote asimdharau jirani mwenye shamba. Naye mwenye shamba, akishatendewa haki, asiwafungie wengine njia.

Basi na tujiulize, katika vijiji na mitaa yetu: ni kiwanja gani, njia gani, kisima gani cha wote kinachomegwa kidogo kidogo huku sisi tukinyamaza? Na tukiamua kusema, je, tumewaandalia nini wale watakaoumia?