Siku 381 kwa Miguu: Mji wa Montgomery Uliposusia Mabasi

Ukitajiwa harakati za Wamarekani weusi za kudai haki, huenda la kwanza kukujia akilini ni yule mama aliyetoka kazini amechoka, akakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, na mambo yakabadilika. Kisa hicho ni kizuri, lakini kimekatwa kichwa na miguu. Hebu tukitazame chote, maana ndani yake mna mambo ambayo vijana na akina mama hasa wanafaa kuyajua.

Mji ni Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mwaka 1955. Sheria za huko ziliwatenga watu kwa rangi tangu shuleni hadi kwenye bomba la maji ya kunywa. Kwenye mabasi, viti 10 vya mbele vilikuwa vya wazungu, hata kama havina mtu. Weusi walikaa nyuma, na wazungu wakizidi, waliamrishwa kuinuka. Mara nyingi mtu mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, kisha akashuka ili aingilie mlango wa nyuma, na wako madereva waliong'oa gari kabla hajapanda. Ajabu ni kwamba kama robo tatu ya abiria walikuwa ni hao hao weusi. Yaani wao ndio waliokuwa wakiilisha kampuni iliyowadhalilisha!

Tarehe 2 Machi 1955, msichana wa shule ya upili, Claudette Colvin, miaka 15, alikataa kuinuka. Polisi walimtoa kwa nguvu, wakamtia pingu. Viongozi wa weusi walifikiria kuipeleka mbele kesi yake, kisha wakasita. Walimuona bado mdogo, na baadaye akashika mimba. Akawekwa kando. Miezi 9 ikapita, na tarehe 1 Disemba ndipo Rosa Parks, fundi cherehani wa miaka 42, naye akakataa. Usidhani alikuwa mama wa kubahatisha. Mwaka 1943 alichaguliwa katibu wa tawi la NAACP, chama kilichopigania haki za weusi.

Sasa tazama kazi ya usiku huo. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa akina mama mjini humo, alikesha na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili wakichapisha maelfu kwa maelfu ya vipeperushi: Jumatatu tarehe 5 mtu asipande basi. Je, wazo hilo lilimjia usiku ule ule? La. Mwaka 1954 alikuwa ameshamwandikia meya barua ya kumuonya kwamba watu wanafikiria kususia mabasi.

Jumatatu ikafika, mabasi yakapita karibu matupu. Jioni maelfu walikusanyika katika kanisa la Holt Street, wakakubaliana kuendelea. Msemaji wao alikuwa mchungaji kijana, Martin Luther King, miaka 26 tu. Madai ya mwanzo yalikuwa madogo: madereva wawe na adabu, aliyetangulia kukaa asiinuliwe, na weusi waajiriwe udereva katika njia za mitaa yao. Hata hayo wakanyimwa.

Basi watu wakatembea. Wengine walibebwa na magari ya kujitolea, kama 300 hivi, yenye vituo na ratiba. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, na wenzake walipika na kuuza chakula ili pesa ziendeshe magari hayo. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya King ilirushiwa bomu, mkewe na mtoto wakiwa ndani. Wakanusurika. Februari, watu zaidi ya 80 walishtakiwa kwa kosa la kususia. Hawakurudi kwenye mabasi.

Na ushindi ulitoka wapi? Kesi iliyoivunja sheria ile haikuwa ya Rosa Parks. Ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa kwa majina ya wanawake wengine, na mmoja wa waliotoa ushahidi ni yule yule Claudette aliyewekwa kando. Tarehe 13 Novemba 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono hukumu kwamba ubaguzi kwenye mabasi hayo ni kinyume cha katiba. Watu waliendelea kutembea hadi amri ilipofika mjini tarehe 20 Disemba. Siku 381! Sheria ya kukataza ubaguzi mikahawani na hotelini nchi nzima ilikuja 1964. Rekodi ya Claudette ilifutwa mahakamani mwaka 2021, akiwa ajuza wa miaka 82.

Ndugu yangu, tunapenda kumtafuta shujaa mmoja, halafu tukae tumngojee. Montgomery kulikuwa na waliochapisha, waliopika, walioendesha magari na waliochakaza viatu, na wengi wao hatuyajui majina. Nawe ukiambiwa kikaoni kwamba bado mdogo, usinune ukaondoka. Yule msichana alipoitwa mahakamani baada ya kusahauliwa, alikwenda, akasema aliyoyaona.